Aikoku Maru: ghala la nyambizi lililofika hadi bahari yetu

Tarehe 19 Mei 1942 ndege ndogo ya Kijapani, ya kutua majini, ilipita juu ya Unguja na Dar es Salaam. Haikudondosha bomu. Watu wawili waliokuwa ndani yake walitazama nani katia nanga bandarini, wakageuza, wakaenda kutua kando ya nyambizi iliyowaleta, I-30. Ndege ikavuliwa mabawa na kurudishwa kwenye kasha lake la chuma lisiloingia maji. Siku chache nyuma ilikuwa imechungulia Aden na Djibouti. Walichotafuta ni manowari za Waingereza, kwani baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (leo Sri Lanka) mwezi wa Aprili, Admirali Somerville, mkuu wa manowari hizo, alikuwa amezisogeza meli zake nyingi hadi Kilindini, Mombasa.

Kisa hiki kikisimuliwa, watu huvutwa na ndege. Mjuzi wa meli huuliza kwanza habari ya mafuta. I-30 na nyambizi nyingine nne zilitoka Penang, Malaya, maili za bahari 3,000 na ushei kutoka Madagaska, na hizo nne zilikaa huku hadi Julai. Nani alizijaza tangi? Nani alizipa topedo, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji, baada ya zile za kwanza kwisha, na mchele, na maji ya kunywa?

Jibu ni meli mbili za abiria na mizigo, Hokoku Maru na Aikoku Maru. Makala hii ni ya ile ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyoishi muda mrefu zaidi, na kwa kuwa kilichoiua ndicho kilichomuua dada yake mbele ya macho yake: shehena iliyokuwa imebebwa.

Meli ya njia ya Afrika

Kampuni ya Osaka Shosen Kaisha ilikuwa na njia ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1920. Meli zake zilileta nguo. Kitambaa kingi cha marekani kilichouzwa Kenya, Uganda na Tanganyika miaka ya 1930 hakikutoka Marekani tena, kilitoka Japani, na kanga vilevile zilichapwa huko. Waingereza hawakuipenda biashara hiyo, lakini mikono yao ilifungwa na mkataba wa bonde la Kongo, ambao uliwazuia kuweka ushuru wa kupendelea bidhaa zao katika eneo lile. Mjapani akauza kwa bei ya chini na duka la Mhindi likajaa majora yake.

Kwa njia hiyo ya Afrika, kampuni iliagiza meli tatu mpya katika karakana ya Tama, mkoani Okayama. Majina yake yanaonyesha hali ya nchi wakati ule: Hokoku ni kulipa fadhila kwa nchi, Aikoku ni kuipenda nchi, Gokoku ni kuilinda nchi. Aikoku Maru ilishushwa majini Aprili 1940 na kukamilika tarehe 31 Agosti 1941. Ilikuwa na tani za ujazo 10,438, urefu wa zaidi ya mita 150, mitambo miwili ya dizeli na rafadha mbili. Mwendo wake wa juu ulikuwa noti 21, yaani maili za bahari 21 kwa saa.

Noti 21 kwa meli ya mizigo ya wakati ule ni mwendo wa kushangaza. Meli nyingi za biashara zilikuwa zikijikokota kwa noti 10 hadi 12. Hapo ndipo jeshi la majini lilipoweka jicho: meli inayoweza kuifukuza meli yoyote ya biashara na kuikamata, yenye ngama kubwa za kubebea mafuta na topedo, na yenye dizeli zisizotoa moshi mwingi wa kuonekana kwa mbali. Aikoku Maru haikuwahi kuleta hata jora moja Mombasa. Ilichukuliwa na jeshi mara tu ilipokamilika.

Ilifungwa mizinga minane, mirija ya topedo pande zote mbili, na ndege ya kutua majini. Kwenye orodha za jeshi ikaitwa manowari saidizi. Jina lilikuwa kubwa kuliko chombo. Manowari ya kweli hujengwa tangu mkuku kwa ajili ya kupigwa: ghala la risasi liko chini ya mstari wa maji, limezungukwa na bamba nene, lina mabomba ya kulijaza maji upesi moto ukizuka, na vyumba vimekatwakatwa ili tundu moja lisijaze meli nzima. Meli ya abiria haina hayo. Ngama zake ni vyumba vikubwa vya wazi, ubavu wake ni bati la kuzuia maji tu. Unaweza kuifunga mizinga minane juu ya sitaha kwa wiki chache. Kuipa ngozi ya manowari huwezi, labda uivunje uijenge upya.

Mwanzoni udhaifu huo haukuonekana. Katika Pasifiki ya kusini, Desemba 1941 na Januari 1942, Aikoku na Hokoku zilizikuta meli mbili za Marekani, Vincent na Malama, zikiwa peke yake, na zote mbili zikaishia chini ya bahari. Halafu zikahamishiwa Bahari ya Hindi, kazi mpya ikiwa kulea nyambizi.

Kumlisha nyambizi baharini

Kikosi kilichokuja upande wetu kiliongozwa na Admirali Ishizaki akiwa ndani ya I-10. Pamoja naye walikuwapo I-16, I-18 na I-20, kila moja ikiwa imebeba mgongoni kinyambizi cha tani 46 chenye watu wawili na topedo mbili, na I-30 iliyotangulia kupeleleza. Kwenye karatasi, nyambizi za aina ya I-16 zingeweza kwenda maili 14,000 kwa mwendo wa noti 16 bila kuongeza mafuta. Kwa nini basi zihitaji mama?

Kwa sababu hesabu ya karatasi ni ya safari iliyonyooka, na nyambizi ya vitani hainyooki. Huzunguka mahali pamoja wiki nzima, hukimbia kwa nguvu zote kuiwahi meli, huzama ikapoteza usiku mzima wa mwendo, kisha huchoma dizeli kwa ajili ya kuchaji betri tu. Ukiongeza na mzigo wa tani 46 uliofungwa mgongoni, ukikokota maji, zile maili 14,000 hupungua vibaya. Na hata mafuta yangetosha, topedo zisingetosha. I-16 na wenzake walibeba 20 kila mmoja, I-10 ilibeba 18. Jumla ni 78 kwa nyambizi nne. Zikipigwa mbilimbili kwa kila meli, na nyingine zikikosa, hizo si nyingi kwa miezi miwili.

Kazi ya kwanza ni kukutana, na ndiyo ngumu ambayo wengi huiruka. Redio hairuhusiwi, kwa sababu anayesikiliza Kilindini au Colombo anaweza kupima mwelekeo wake. Kwa hiyo mnapatana mapema: mahali fulani kusini mashariki ya Madagaska, siku fulani, mkikosana rudini kesho. Kila nahodha anajitafutia alipo kwa jua na nyota. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari. Kwa longitudo unategemea saa, na saa ikikosea sekunde nne tu, karibu na ikweta umekosea maili nzima. Saa iliyopotea nusu dakika inakutupa maili saba. Mlinzi aliye juu ya mnara wa nyambizi, macho yake yakiwa mita tano juu ya maji, upeo wake uko kama maili nne na nusu. Mlingoti wa meli kubwa huongeza maili kumi hivi. Kwa hiyo mkikosea kidogo huyu na kidogo yule, bado mnaonana, hali ya hewa ikiwa nzuri. Lakini Mei hadi Julai si msimu wa hali nzuri. Ni kusi. Mawingu yakifunga siku tatu hakuna nyota ya kupima, na mvua ikishuka upeo wa maili kumi na nne unakuwa maili moja.

Mkishaonana inakuja kazi ya mafuta. Njia ziko mbili. Ya kwanza nyambizi inakuja ubavuni, upande wa demani, meli kubwa ikiizuilia upepo na mawimbi, na maboya manene ya mpira au magogo yaliyofungwa kamba yananing'inizwa katikati yasigongane. Ya pili nyambizi inafuata nyuma ya tezi, meli inaachia kamba yenye boya, nyambizi inaiokota na kuivuta hadi mpira wa mafuta ufike, kisha zote mbili zinakwenda polepole kwa mwendo uleule. Ya ubavuni ni ya haraka na inaruhusu kupitisha na vitu vingine. Ya tezini ni salama zaidi bahari ikichafuka. Katika zote mbili kinachokatika kwanza ni mpira. Meli kubwa na nyambizi hazipandi wimbi moja kwa wakati mmoja. Kubwa huinuka taratibu, nyambizi, kwa kuwa sitaha yake iko karibu na maji, hulala chini ya wimbi au hutupwa juu kama gunzi. Mpira ukiwa mfupi unang'oka kwenye kifundo, ukiwa mrefu unasagwa baina ya vyuma. Dawa ni kuuacha ulegee kwa mkunjo mmoja mkubwa ulioning'inizwa kwenye kapi, na mtu mmoja asifanye kazi nyingine ila kuulegeza na kuukaza huo mkunjo.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa nyambizi halisahau. Kwa kawaida tangi za mafuta zilizoko nje ya ganda gumu la nyambizi haziachwi na nafasi tupu. Mafuta yakitumika, maji ya bahari yanaingia chini yake kujaza pengo, mafuta yakielea juu. Kwa hiyo nyambizi inayochoma mafuta haipungui uzito, inaongezeka. Tani 100 za dizeli zikitoka, tani kama 118 za maji ya chumvi zinaingia mahali pake, kwani maji ni mazito kuliko mafuta. Nahodha hupunguza maji katika tangi za mizani ili abaki sawa. Siku ya kujazwa mambo yanageuka: mafuta mapya yanaingia juu, maji ya bahari yanafukuzwa chini, nyambizi inakuwa nyepesi kwa tani 18 kwa kila tani 100. Asiporudisha maji kwenye tangi za mizani kabla ya kupiga mbizi, ndege ya adui ikitokea atabaki juu akihangaika kama chupa tupu. Isitoshe, maji yanayofukuzwa hutoka na ukoko wa mafuta, na ukoko huo unang'aa juu ya bahari maili kadhaa, rubani anausoma kama barabara.

Topedo ni balaa zaidi. Kila moja ina urefu wa kama mita 7 na uzito wa tani moja na nusu na zaidi, na kichwa chake kimejaa baruti. Winchi ya meli inainyanyua kutoka ngamani kwa mkanda uliofungwa kwenye kitovu cha uzito, kamba mbili zikishikwa kichwani na mkiani zisiiache izunguke. Inashushwa juu ya sitaha ya nyambizi, inalazwa kwenye reli za muda, kisha inateremshwa kwa mshazari kupitia tundu dogo hadi chumba cha mbele. Wakati wote huo tundu liko wazi. Wimbi moja likipanda sitaha linaingia moja kwa moja ndani ya nyambizi, na nyambizi yenye tundu wazi na topedo iliyokwama katikati haiwezi kuzama ikionekana ndege. Baharia aliyezoea bandari angesema kazi ya kutwa moja. Katikati ya bahari, kusi likivuma, unaiacha kabisa na kungoja kutulie, huku kila saa ikiongeza uwezekano wa kuonekana.

Chakula kilikuwa chepesi zaidi, magunia na mabati ya kupitishwa kwa kamba, ila hakikudharauliwa. Jeshi la majini la Japani lilikuwa limeona tangu miaka ya 1880 jinsi mchele mweupe peke yake unavyowaua mabaharia kwa beriberi, na tabibu Takaki Kanehiro ndiye aliyewabadilishia chakula. Nyambizi yenye watu zaidi ya 90 waliokaa gizani wiki sita inahitaji mboga na nyama, hata kama ni za kopo.

Diego Suarez na yaliyofuata

Aikoku na Hokoku zilizijaza nyambizi njiani nusu ya kwanza ya Mei. Katika safari hiyo, tarehe 9 Mei, ziliikamata meli ya mafuta ya Kiholanzi, Genota, ambayo ilitiwa jeshini kwa jina la Ose. Bahati iliyoje: meli ya mafuta ikijileta yenyewe kwa watu wenye kazi ya kugawa mafuta.

Bahari ilitoza ushuru wake. I-18 iliharibikiwa mtambo kwa mawimbi na ikachelewa, kinyambizi chake hakikuachiwa. I-16 na I-20 zilivitoa vyao usiku wa tarehe 30 Mei nje ya Diego Suarez, ambayo leo ni Antsiranana, bandari ambayo Waingereza walikuwa wameiteka kutoka kwa Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, wiki tatu tu nyuma. Topedo moja iliipasua manowari kubwa Ramillies, nyingine ikaizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Ramillies haikuzama, ilijikokota hadi Durban. Watu wawili wa kinyambizi cha I-20 walifika nchi kavu wakatembea kwa miguu kutafuta mahali pa kuokotwa, wakauawa siku chache baadaye wakipambana na askari wa Kiingereza.

Hapo ndipo msako wenyewe ulipoanza. Mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai nyambizi zilijipanga katika Mlango wa Msumbiji na kuzamisha meli zaidi ya 20, nyingi zikiwa zinakwenda peke yake zikibeba makaa, chakula na silaha za kupeleka Misri. Katikati ya Juni zilitoka nje ya mlango, zikakutana na mama zao kusini mashariki ya Madagaska, zikajazwa, zikarudi. I-30 ilijazwa pia, ila yenyewe haikurudi mlangoni: ilizunguka rasi ya kusini na kwenda Lorient, Ufaransa, ikafika Agosti. Bila meli hizi mbili safari hiyo isingewezekana, na msako ule ungekatika mapema.

Walezi nao waliwinda. Tarehe 5 Juni waliipiga Elysia, meli ya abiria ya Uingereza, mashariki ya pwani ya kusini mwa Afrika. Tarehe 12 Julai waliikamata Hauraki ya New Zealand, tani 7,113, ikiwa njiani kwenda Colombo. Hiyo hawakuizamisha. Walitia mabaharia wao ndani, wakaipeleka Singapore, ikageuzwa jina kuwa Hoki Maru. Tutaikuta tena.

Tarehe 11 Novemba 1942

Safari iliyofuata ndiyo iliyofunga hesabu ya uwindaji. Kusini magharibi ya visiwa vya Cocos, Aikoku na Hokoku zilikuta mawindo mawili: Ondina, meli ya mafuta ya Kiholanzi, na msindikizaji wake Bengal, manowari ndogo ya jeshi la majini la India, isiyofika tani 800. Ukijumlisha, Wajapani walikuwa na mizinga 16 na mirija ya topedo. Upande wa pili kulikuwa na mzinga mkubwa mmoja juu ya kila chombo, na Ondina ilikuwa na makombora 32 tu.

Bengal ilimgeukia Hokoku na kumwendea moja kwa moja ili Ondina ipate kukimbia. Ondina haikukimbia mbali, ilianza kupiga. Kombora moja, na hadi leo watu wanabishana ni la nani, liliipata Hokoku kwenye mirija ya topedo ya ubavuni. Topedo zililipuka, petroli ya ndege ikashika moto, moto ukashuka hadi ghala la risasi la nyuma. Meli ya tani 10,000 ikapasuka na kuzama, mabaharia zaidi ya 70 wakafa.

Hakuna ajabu hapo kwa anayeangalia meli ilivyopangwa. Topedo zenye vichwa vilivyojaa, petroli ya ndege na ndege yenyewe, vyote vilikuwa juu ya sitaha au karibu nayo, mbali na kinga yoyote. Kwenye manowari halisi kombora dogo kama lile lingeua watu kadhaa na kuharibu mzinga mmoja. Hapa liliangukia kiberiti juu ya pipa. Watu husema Ondina na Bengal walikuwa na bahati. Walikuwa nayo, lakini kwenye meli iliyopangwa hivyo, bahati ya adui haihitaji kuwa kubwa.

Aikoku ilibaki peke yake. Ilimpiga Ondina makombora na topedo, nahodha wake akauawa, mabaharia wakaingia kwenye mashua, na mashua zikamiminiwa risasi. Kisha Aikoku ikaenda kuwaokoa watu wa Hokoku na kuondoka ikidhani Ondina inazama. Haikuzama. Ilikuwa inakwenda kupakia, haikuwa na shehena ya mafuta, na meli ya mafuta imegawanywa tangi nyingi zilizofungwa kila moja peke yake: tundu la topedo linajaza mbili tatu, zilizobaki zinaielea. Mabaharia walirudi wakapanda, wakazima moto, wakairudisha Fremantle, Australia, wiki moja baadaye. Bengal nayo ilifika bandarini.

Kutoka mwindaji hadi hamali

Baada ya hapo Wajapani waliachana na mtindo wa kuwinda kwa meli za abiria. Aikoku ilifanywa ya kubeba askari na shehena kati ya Japani, Truk katika Pasifiki, na visiwa vya kusini, na Oktoba 1943 ikaondolewa rasmi katika orodha ya manowari saidizi. Kazi ya hamali tu, isiyo na sifa, na yenye hatari kubwa zaidi kwa kuwa sasa nyambizi za Marekani ndizo zilizokuwa zikiwinda.

Upande wetu wa bahari vita havikuisha. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi I-27 iliizamisha Khedive Ismail karibu na Maldives, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, wakiwamo askari wengi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, kwa muda usiozidi dakika mbili. Siku tano baadaye ikaja zamu ya Aikoku Maru.

Truk, ambayo leo inaitwa Chuuk, ni ziwa la chumvi lililozungukwa na miamba, kubwa kiasi cha kuficha meli zote za jeshi. Ndege ya upelelezi ya Marekani ilipita juu yake tarehe 4 Februari, na manowari kubwa zikaanza kuondoka siku zilizofuata. Meli za shehena zikabaki, kwa sababu rahisi: bado zilikuwa zimejaa. Gati hazikutosha. Mzigo ulishushwa kwa tishari, slingi moja baada ya nyingine. Chukua mfano wa winchi moja inayotoa tani moja na nusu kila mara, mara 15 kwa saa: tani 500 zinachukua saa 22 bila kupumzika, na hiyo ni tishari zikiwapo na makuli wakiwapo. Kwa risasi mwendo hushuka zaidi, kwani fyuzi, vifaa vya kuwashia mlipuko, hutolewa mbali na makombora, na hakuna anayethubutu kuharakisha.

Asubuhi ya tarehe 17 Februari ndege za kikosi cha 58 cha jeshi la majini la Marekani zilifika. Aikoku ilikuwa na askari ndani na baruti nyingi mbele, ikapigwa mabomu na ndege za Intrepid, manowari ya kubebea ndege. Kisha ndege moja ya topedo aina ya Avenger ikaja chini na kumpiga upande wa omo. Ngama ya mbele ililipuka yote kwa pigo moja. Mlipuko ulipigwa picha na ndege nyingine. Wingu lake lilipanda mamia ya mita. Avenger iliyopiga ilikuwa bado haijatoka juu ya meli, ikateketea na watu wake. Omo ya Aikoku haikuzama, ilitoweka. Nusu ya nyuma ikashuka chini kwa muda mfupi sana, na mamia ya watu ndani yake.

Dada wa tatu, Gokoku Maru, alizamishwa na nyambizi Barb tarehe 10 Novemba 1944. Meli tatu za njia ya Afrika zikawa zimekwisha.

Ilivyo leo

Mabaki ya Aikoku yamekaa wima karibu na kisiwa cha Tonoas, sakafu ya bahari ikiwa zaidi ya mita 60 chini, pima 33 na zaidi. Mbele imekatika kama mkate uliomegwa kwa mkono, bati limepinduka nje. Nyuma, mzinga bado umesimama mahali pake.

Kina hicho si cha mzamiaji wa mwamba. Kwenye mita 60 shinikizo ni mara 7 ya juu ya maji. Mtu anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu, huko anatumia lita 140. Chupa mbili za lita 12 zilizojazwa hadi shinikizo la baa 200 zina lita 4,800. Ukitenga theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya dharura, una lita 1,600 za kwenda nazo, yaani kama dakika 11. Hewa ya kawaida kwa kina hicho inalevya kwa naitrojeni na shinikizo la oksijeni yake, baa 1.47, linakaribia kiwango cha hatari. Kwa hiyo watu hutumia mchanganyiko wenye heliamu, kwa mfano oksijeni asilimia 18 na heliamu 45, ambao unashusha oksijeni hadi 1.26 na ulevi hadi sawa na ule wa mita 23. Kisha kuna kupanda kwa vituo, muda mrefu kuliko ule wa kutazama. Anayekosea hapa mara nyingi hakosei hesabu, anakosea uamuzi: anaona mlango wazi wa sitaha, anaingia, mapezi yanatibua vumbi la miaka 80, na haoni tena alikoingilia.

Risasi ziko bado, na hazijapoteza nguvu. Baadhi ya aina za baruti za zamani huota chumvichumvi juu ya chuma zinapokaa majini, na hiyo huwa nyepesi kulipuka kuliko baruti yenyewe. Haishikwi. Mifupa nayo haishikwi; Wajapani walikuja miaka ya 1980 kutoa mabaki mengi ya watu wao na kuwafanyia ibada, lakini si yote yaliyotoka. Sheria za Chuuk zinakataza kuondoa kitu chochote kwenye mabaki haya, hata kikombe.

Katika ziwa hilohilo iko Hoki Maru, ile Hauraki iliyokamatwa kwenye Bahari ya Hindi na Aikoku mwenyewe. Ilizamishwa katika shambulio lilelile. Mapipa ya petroli ya ndege yaliyokuwa mbele yalichoma omo yake. Ngama ya nyuma moto haukuifika, na ndani yake malori yamepangwa safu, magurudumu yakiwa na mpira, usukani ukiwa mahali pake, yakingoja winchi iyatoe.